Maneno yako yakiandikwa kwa Kiingereza: mitego ya usemi wa taarifa

Kila siku hapa Pwani kuna mtu anayesema jambo kwa Kiswahili, na mwenzake akaliandika kwa Kiingereza. Hutokea kwenye kituo cha polisi, afisi ya chifu, afisi za ardhi, hospitalini, mikutano ya wazazi shuleni na hata magazetini. Msemaji huondoka akijua alichosema. Kinachobaki kwenye karatasi ni maneno yake kwa kalamu ya mwingine.

Kazi hiyo ya kuyabeba maneno ya mtu ina kanuni zake. Shuleni twaita usemi wa taarifa. Kiingereza nacho kina usemi wake wa taarifa, na watoto wetu huulizwa juu yake kwenye sehemu ya sarufi ya mtihani wa KCSE: badilisha sentensi hii iwe usemi wa taarifa. Wengi huichukulia kuwa hesabu ya alama moja au mbili, kisha wakaisahau. Mimi nataka kuonyesha leo kwamba ni jambo linaloweza kumgharimu mtu shamba, deni au hata uhuru wake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo mzee akieleza jambo kwa Kiswahili safi cha Lamu au cha Vanga, mara nyingi maneno yake yatasafiri kwenye faili kwa Kiingereza. Tuone basi yanasafiri vipi.

Mambo manne hubadilika

Tuchukue mzee anayemwambia mpimaji wa ardhi: "Shamba hili ni langu." Kwa Kiingereza, maneno yenyewe ni "This farm is mine." Tukiyaweka kwenye usemi wa taarifa yanakuwa: "The old man said that that farm was his."

Angalia kilichotokea. Kwanza, alama za mtajo zimeondoka, na mahali pake pamekuja neno "that", ambalo ndilo "kwamba" au "kuwa" yetu. Pili, "mine" imekuwa "his", yaani langu limekuwa lake. Tatu, "this" imekuwa "that", hili limekuwa lile. Nne, "is" imekuwa "was".

Sasa sema sentensi hiyo kwa Kiswahili cha nyumbani: "Mzee alisema kuwa shamba lile ni lake." Mambo matatu ya kwanza tunayo na sisi pia. La nne hatuna. "Ni" imebaki "ni". Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, na ndipo nitakapokaa zaidi.

"Was" si "lilikuwa"

Mtu anayejua Kiingereza kidogo akisoma "the farm was his" atamfasiria mzee hivi: "Wameandika kwamba shamba lilikuwa lako." Mzee atashtuka. Lilikuwa? Kwani sasa ni la nani? Nimewahi kusikia ugomvi wa namna hii, watu wakidhani karani amehongwa, kumbe karani amefuata sarufi tu.

Sababu ni hii. Kwa Kiswahili, tukishasema "alisema kuwa", tunasimama pale aliposimama msemaji, kwa wakati wake. Aliposema, shamba ni lake. Kwa hivyo twasema "ni lake". Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye husimama pale alipo sasa, anapoandika, na kuyatazama maneno ya mzee kwa mbali, nyuma yake. Kwa kuwa kusema kulipita, na yaliyosemwa ameyarudisha nyuma hatua moja. Hiyo "was" haisemi kwamba umiliki umekwisha. Inasema tu kwamba maneno yalitamkwa siku iliyopita.

Basi kama mzee angesema "Shamba hili lilikuwa langu", yaani ameshaliuza, Kiingereza kingeandikaje? Kingerudi hatua nyingine nyuma: "He said that that farm had been his." Hiyo "had been" ndiyo "lilikuwa" yetu. Mtu akizijua sentensi hizi mbili, "was his" na "had been his", ameshajua nusu ya somo hili.

Hatua hizo za kurudi nyuma zina mpangilio. Chukua mvuvi anayezungumza, kisha anaripotiwa:

"I live in Likoni", yaani naishi Likoni, inakuwa "He said that he lived in Likoni."

"I am mending my nets", yaani natengeneza nyavu zangu, inakuwa "He said that he was mending his nets."

"I have paid", yaani nimelipa, inakuwa "He said that he had paid."

"I paid", yaani nililipa, nayo inakuwa "He said that he had paid."

"I will pay", yaani nitalipa, inakuwa "He said that he would pay."

"I can swim", yaani naweza kuogelea, inakuwa "He said that he could swim."

"I must go", yaani lazima niende, inakuwa "He said that he had to go."

Utaona kwamba nimelipa na nililipa zimeishia mahali pamoja. Kiswahili kinatofautisha -me- na -li-, lakini usemi wa taarifa wa Kiingereza huzichanganya. Kama tofauti hiyo ina maana kwa kesi yako, kwa mfano ulilipa tarehe fulani kabla ya onyo kutolewa, usiitegemee sarufi ikusemee. Taja tarehe.

Lini wakati haubadiliki

Kanuni hii ya kurudi nyuma ina milango ya kutokea, na walimu wengine hawaifungulii wanafunzi.

Mlango wa kwanza: kitenzi cha kuripoti kikiwa cha wakati uliopo, hakuna kinachorudi nyuma. "He says that the farm is his." Magazeti hupenda njia hii kwenye vichwa vya habari.

Mlango wa pili: jambo likiwa ni kweli ya siku zote. "The teacher said that the earth goes round the sun." Dunia haikuacha kulizunguka jua mwalimu alipotoka darasani.

Mlango wa tatu, na ndio unaotufaa: jambo likiwa bado ni kweli wakati wa kuripoti, Kiingereza kinaruhusu libaki kwenye wakati uliopo. "The old man said that the farm is his" ni Kiingereza sahihi kabisa. Kwa hivyo unapoandikiwa taarifa kuhusu mali, ndoa, watoto au makao yako, una haki ya kumwomba mwandishi aandike hivyo. Hutakuwa unamharibia sarufi.

Pia maneno kama "would", "could", "should" na "might" hayarudi nyuma zaidi. Yalishafika mwisho wa njia.

"Would" na "angelipa"

Hapa nina neno kuhusu Kiswahili chetu wenyewe. Katika somo la usemi wa taarifa, wanafunzi wetu wengi hufunzwa kwamba -ta- hugeuka -nge-. "Nitakuja kesho" inakuwa "Alisema kuwa angekuja siku iliyofuata." Mtoto wa Mji wa Kale au wa Siyu akiyapeleka maneno hayo kwa bibi yake, bibi atauliza: "Angekuja, lakini kimemzuia nini?" Maana kwa sikio la nyumbani, "angekuja" ni jambo lenye sharti, na mara nyingi ni jambo ambalo halikuwa. Sisi twasema "Alisema atakuja", basi.

Kwa maoni yangu kanuni hiyo ina kivuli cha Kiingereza ndani yake. Imefuata "will" kugeuka "would". Simwambii mwanafunzi aikatae kwenye mtihani. Aandike anachotakiwa apate alama zake. Ila ajue kwamba nyumbani halikosei anaposema "alisema atakuja".

Madhara yake huonekana mtu anapofasiri kinyume, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Karatasi imeandikwa "He said that he would pay the balance." Aliyefunzwa kwamba "would" ni "-nge-" atasoma: "Alisema angelipa salio." Mdai ataona amechezewa, kwa sababu "angelipa" si ahadi. Lakini Kiingereza kile kilikuwa ahadi kamili: alisema atalipa salio. Neno "would" lina kazi zaidi ya moja. Likija baada ya "said", mara nyingi ni "will" iliyorudi nyuma hatua moja. Tazama kwanza kama kuna sharti lililotajwa, ndipo uamue.

Nani, lini na saa ngapi

Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika kiambishi. "Alisema anaumwa" haituambii anayeumwa ni nani. Huenda ni mwenyewe msemaji, huenda ni mamake, huenda ni mtoto. Kiingereza humlazimisha mwandishi achague "he" au "she", na akichagua vibaya habari imegeuka. Fikiria Mwanaisha anamweleza muuguzi: "Juma alimwambia mamake kuwa amekunywa dawa." Nani amekunywa? Kwa Kiingereza ni ama "he had taken the medicine" ama "she had taken the medicine". Muuguzi asipouliza, atabahatisha. Kwa hivyo unapoeleza jambo litakaloandikwa, taja majina hata kama yanajirudia. Katika taarifa, kurudia jina si ubaya wa lugha.

Maneno ya siku nayo huhama. "Today" huwa "that day", "yesterday" huwa "the previous day", "tomorrow" huwa "the following day", "here" huwa "there", "now" huwa "then". Mantiki yake ni nyepesi: leo ya msemaji si leo ya msomaji. Sisi tuna keshokutwa, tuna mtondo na mtondogoo, na mwandishi asiyekulia huku huenda asijue kwamba mtondo ni siku ya tatu kutoka leo. Tamka tarehe.

Saa ndiyo hatari zaidi. Saa zetu huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, na jioni linapotua. Saa moja usiku ni "seven in the evening". Mtu akisema "Tulikuwa msikitini saa moja usiku", na mwandishi mwenye haraka akaandika "at one in the night", msikiti uliojaa mashahidi umegeuka usiku wa manane ambao hakuna aliyekuona. Kubadilisha saa si jambo la hiari katika usemi wa taarifa. Ni sehemu ya kufasiri maneno ya mtu kwa uaminifu.

Maswali na amri

Swali likiingia kwenye usemi wa taarifa hupoteza alama ya kuuliza na hupoteza mpangilio wake wa swali. "Where are you going?" inakuwa "He asked me where I was going." Wanafunzi wengi huandika "He asked me where was I going", na hilo ni kosa. Kwetu ni rahisi, maana Kiswahili hakigeuzi mpangilio: "Aliniuliza nilikuwa naenda wapi", au "naenda wapi".

Swali la ndiyo au la huchukua "if" au "whether", ambayo ni "kama" au "iwapo" yetu. "Umemwona Omari?" inakuwa "He asked me whether I had seen Omari."

Amri huja na "to". "Ondoka!" inakuwa "He told him to leave." "Usiondoke!" inakuwa "He told him not to leave." Hapa Kiswahili kina njia yake nzuri: aliambiwa aondoke, aliambiwa asiondoke. Ile -e ya mwisho ndiyo "to" ya Kiingereza. Mwandishi asiyeisikia vyema huchanganya "alimwambia aondoke" na "alimwambia ameondoka". La kwanza ni amri, "told him to leave". La pili ni habari, "told him that someone had left". Katika kesi ya kufukuzwa nyumba au kazi, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Na jambo dogo la kukumbuka: "tell" hutaka mtu anayeambiwa, "say" haimtaki. "He told me that" na "He said that" ni sawa. "He said me" na "He told that" si sawa. Ni kama kwetu: aliniambia, alisema.

Kitenzi kinaweza kukuhukumu

Mwandishi ana uhuru wa kuchagua kitenzi cha kuripoti, na kila kimoja kina uzito wake. "Said" haina upande: alisema. "Claimed" ina shaka ndani yake, kama "ati" yetu: alisema ati alikuwa safarini. "Alleged" ni kudai jambo baya ambalo halijathibitishwa, nalo hutumiwa sana na waandishi wa habari za mahakamani. "Admitted" ni kukiri, na mtu hukiri jambo ambalo ni lawama. "Denied" ni kukana.

Fikiria kijana aliyeulizwa kama alikuwa ufuoni usiku ule, akajibu ndiyo. Mwandishi ana njia mbili: "He said that he was at the beach", au "He admitted that he was at the beach." Kijana amesema neno lile lile. Lakini sentensi ya pili tayari imemkalisha kizimbani. Neno letu "alikubali" ndilo huzaa tatizo hili, kwa sababu lina maana nyingi: kuridhia, kuitikia na kukiri. Mtu akisema "Nilikubali kwenda naye", hiyo ni "agreed". Mwandishi akiweka "admitted", maana imehama.

"Denied" nayo ina mtego wake. Sisi husema "Alikana kuwa hakuiba", na kila mtu anaelewa kwamba anasema hakuiba. Kwa Kiingereza, "He denied that he did not steal" maana yake ni kwamba amesema aliiba. Kukana mara mbili kumekuwa kukiri. Sahihi ni "He denied stealing" au "He denied that he had stolen."

Halafu kuna yale maneno tunayoyaanza kwa "nasikia", "yasemekana", "watu wasema". Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 63, hutaka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia. Ukimwambia afisa "Nasikia Juma ndiye aliyechukua mashine", Kiingereza chake ni "I have heard that Juma took the engine." Afisa akiliacha "nasikia" kwa kutaka ufupi, akaandika "Juma took the engine", amekufanya shahidi wa jambo ambalo hukuliona. Siku ya kuulizwa maswali, aibu ni yako.

La kufanya

Katiba imetupa ngao mbili. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi. Lakini mkalimani ni mwanadamu, na taarifa nyingi huandikwa kabla mahakama haijafikiwa. Kwa hivyo yafaa kila mmoja wetu ajilinde.

Ukiandikiwa taarifa kwa Kiingereza, omba usomewe kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine, kabla ya kutia sahihi. Ukisikia "ilikuwa" mahali uliposema "ni", uliza kilichoandikwa ni "was" au "had been". Kwa neno lenye uzito mkubwa, omba liandikwe kama ulivyolisema, ndani ya alama za mtajo, hata kwa Kiswahili. Usemi halisi hauna kurudi nyuma wala kugeuza langu kuwa lake. Taja majina, tarehe, na saa ukieleza kama ni asubuhi, mchana au usiku. Jambo ulilolisikia tu, sema umelisikia, na hakikisha neno hilo liko kwenye karatasi. Kosa likionekana, lirekebishwe papo hapo kabla ya sahihi yako, maana baada ya sahihi utakuwa unabishana na maneno yako mwenyewe.

Na kwa vijana wetu wanaosoma: mzee wa mtaani akikuletea karatasi akuombe umsomee, usimtajie maana ya neno moja moja. Soma sentensi nzima, tafuta nani alisema na alisema lini, ndipo umwambie. Akikuuliza kwa nini wameandika "was" na shamba bado ni lake, sasa jibu unalo.